Ya Kushona au ya Kuchana

Kinole,
18 Februari 2024

Mwanangu Hafidha,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Natumai u mzima, na cherehani zako nazo ni nzima, maana najua moja ikigoma wewe huli. Mimi sijambo, ila kiu tu. Namaliza mtungi kwa siku na bado nautafuta mwingine.

Usishangae kupata barua wakati simu ninayo. Mtandao unashika pale mlangoni tu, na nikizungumza pale wageni wananisikia. Unawajua wageni ninaowasema. Bibi yako alitufundisha kwamba ukiwataja kwa jina lao ndani ya nyumba wanaita ukoo mzima, nami sina haja ya kujaribu. Wameteremka kutoka darini tangu tuvune mahindi. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wana mwezi wa pili, na jembe lenyewe wameanza kulitafuna mpini.

Wamekula sabuni, wamekula nazi mbili na mshumaa. Hayo nimesamehe. Lakini juzi nilifungua sanduku langu la mbao nikakuta wametoboa kona ya chini. Nguo yangu nyeupe ya safari, ile niliyoilaza chini kabisa na karafuu, wameigeuza kiota. Ndani yake walikuwamo watoto sita, wekundu, hata macho hawajafumbua. Nilikaa sakafuni nikalia, mwanangu, mimi niliyemzika mume bila kelele.

Nitafutie nyingine kabla ya masika. Unaijua barabara yetu mvua zikianza. Mpe Salehe, akishamaliza kushusha mananasi sokoni pikapu yake hurudi tupu.

Mama yako


Kihonda,
3 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani moja inakohoa lakini inakwenda. Barua yako imenichekesha mpaka wateja wakauliza kuna nini. Kumbe wageni bado hawajaaga.

Salehe anakuletea furushi. Kuna mitego miwili ya chuma, na kile chakula chao maalumu nimekifunga kwenye karatasi nyekundu. Usikiguse kwa mkono mtupu na kuku wasikikaribie. Unaona, hata mimi sikitaji.

Nguo nayo imo. Nilikwenda mjini dukani kwa Mzee Mahendra, nikamwambia nataka bafta nyeupe nzuri ya mama yangu. Akanitazama juu ya miwani akauliza, "Ya kushona au ya kuchana?" Nikacheka. Nikamwambia, Mzee, mimi fundi, nichane nini, nipe ya kushona. Akasema haya, akapima. Nimekushonea gauni refu la mikono mipana, na shingoni nimeweka lesi. Vipimo ni vyako vya siku ya harusi yangu. Najua safari unayoisema ni ile ya Turiani, binti wa Mjomba Kibwana akiolewa baada ya Idd. Utawafunika wote, hata bibi harusi.

Kuja sasa hivi siwezi, nguo za Idd zimejaa mpaka kitandani. Ukiwachoka hao wageni shuka ukae kwangu. Sakafu ni ya saruji na dari ni ya jipsamu, hawana pa kupita.

Mwanao akupendaye,
Hafidha


Kinole,
13 Machi 2024

Mwanangu Hafidha,

Marahaba, na Ramadhani njema. Natumai saumu haikusumbui na hilo joto la huko chini. Mimi mwaka huu sifungi, nitakueleza.

Gauni nimelivaa. Jirani yangu Hidaya amenizungusha kama bibi harusi, akasema fundi huyu hakusoma bure. Linanipwaya mabegani, lakini hilo si kosa lako.

Ila Mzee Mahendra amekuelewa kuliko nilivyojieleza mimi mama yako. Niliyoitaka ni ya kuchana. Ile haishonwi, mkasi hauigusi, na uzi wake unachomolewa humohumo kwenye kitambaa. Sasa umenielewa, sitaki kuandika jina lake. Ile ya kwanza niliinunua kwa karafuu zangu mwenyewe, mwaka aliofariki baba yako, ili siku yangu nisimhangaishe mtu. Unamkumbuka shangazi yako Mwaisha. Alifariki katikati ya masika, daraja limekatika, akazikwa na shuka la kuazima lenye maua mekundu. Mimi nilikuwapo. Nikipita makaburini, nalikumbuka shuka lile kabla sijamkumbuka yeye.

Lingine ni hili. Wageni wamepanda kitandani. Unajua desturi yao, wanauma huku wakipuliza ili usiamke. Lakini mimi hata asubuhi sikusikia. Niliona damu kwenye shuka, nikaitafuta inakotoka, nikakuta kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeliwa ncha. Hakiumi, Hafidha. Hicho ndicho kinachonitisha, kwamba hakiumi.

Januari nilishuka na Salehe, tukaelekezwa kwa daktari hukohuko Kihonda. Akasema ni sukari, imeshashika miguu, nisifunge, na nirudi kila mwezi. Sijarudi. Wakati wa kuondoka tulipita mbele ya kibanda chako. Nilikuona umeinama kwenye cherehani, futi kamba shingoni, sare za shule zimekuzunguka. Nikamwambia Salehe asisimame. Sikuwa na habari ya kukufurahisha.

Mama yako


Kihonda,
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hali sikuulizi, maana nikiuliza utanijibu sijambo.

Umepita mbele ya mlango wangu. Nimeisoma sehemu hiyo mara tano nikitafuta kama nimekosea kusoma. Nimemuuliza Salehe, ameinamisha kichwa.

Sinunui. Mtu anatafunwa na panya, ndiyo, nimewaandika, panya, panya, na waite ukoo wao wote, anatafunwa asisikie, halafu badala ya kuagiza dawa anaagiza sanda? Na mimi nikapime kitambaa kama napima pazia? Salehe nimeshamwambia, Jumatatu ya tarehe 25 atakuchukua akulete kwa daktari. Ukikubali kushuka, nitafunga kazi nikae nawe hata Idd yote. Lakini kama unachotaka kwangu ni nguo ya kuchana, mtafute mtoto mwingine.

Hafidha


Kihonda,
11 Aprili 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idd njema, ingawa leo ni siku ya pili na mimi bado sijaiona Idd yenyewe.

Wiki tatu na zaidi sijapata neno lako. Jumatatu ile haikufika, kwa sababu Jumapili kifusi kilimwagika barabarani na pikapu haipiti tena. Simu yako haipatikani. Salehe anasema watu wanavuka kwa miguu, lakini kila ninayemuuliza kutoka Kinole anasema amekuona wiki iliyopita, na wiki iliyopita haiishi. Nimeshona magauni arobaini ya watoto wa watu, na sikumbuki rangi ya hata moja. Nilikwambia utafute mtoto mwingine. Mimi mama mwingine nitamtafuta wapi?

Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Nilidhani nisipoinunua, basi haitahitajika. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu wote.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mzee Mahendra. Safari hii hakuniuliza. Nilisema mwenyewe, "Ya kuchana." Akalivuta jora, akauweka mkasi pembeni, akachana kwa mikono yake taratibu. Sauti za vitambaa nazisikia kila siku kazini, lakini leo ilibidi nikae kwenye kiti. Akaniletea maji, kisha akakumbuka, akauliza kama nimefunga. Nikamwambia Idd imeshapita, Mzee. Nikanywa.

Nimenunua pia dawa ya kidonda, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Barua hii simpi Salehe. Yeye atanifikisha kwenye kifusi, mbele ya hapo natembea. Nikikukuta nitakupa mkononi uisome mbele yangu, maana haya kwa mdomo sitayaweza.

Nikikukuta.

Mwanao,
Hafidha


Kinole,
2 Juni 2024

Mwanangu Hafidha,

Marahaba, ya leo na ya siku ile, maana siku ile sikuitikia vizuri. Natumai u mzima na kazi zinakwenda.

Barua uliyonipa mkononi iko chini ya mto. Nilitaka kuijibu palepale, lakini ulikuwa na matope mpaka kiunoni, na kesho yake wewe na Salehe mkawa mnapokezana kunibeba mgongoni kuvuka kifusi. Mtu hajibu barua akiwa mgongoni mwa mtu. Kidole tulikiacha hospitali, harusi ya Turiani ikatupita sote, nami nikakaa kwako mwezi mzima nikiitazama dari yako ya jipsamu. Ni nzuri. Lakini si ya kwangu. Uliponirudisha, barabara imeshafunguliwa, hukutaka kushuka garini, ukasema nguo za watu zinakungoja. Nilijua unalia, nikaona nisikuchungulie.

Natembea polepole, sindano najidunga kama mlivyonifundisha. Miguu naikagua asubuhi na jioni kwa kile kioo ulichonipa. Leo kidole cha pili kimeanza weusi, hapa ubavuni, kama punje ya mtama. Nilitaka kungoja kwanza nione. Kisha nikakumbuka siku nilipomwambia Salehe asisimame, nikachukua kalamu.

Panya wapo. Nimeandika panya, na wasikie. Sanda iko ndani ya ndoo, mfuniko umebana, na jiwe nimeweka juu. Wamejaribu kutafuna ukingo wakashindwa. Hilo limenipa usingizi, nakushukuru, najua lilikugharimu nini.

Tatizo ni gauni. Nililitundika ukutani, na sasa lesi ya shingo imeachia na mkono mmoja unaning'inia. Fundi wa kulishona huku hakuna, na mimi nalitaka, nilivae nikiwa bado naweza kusimama ndani yake. Usingoje Idd nyingine.

Na ukifika usiniulize kama ni panya au ni mkasi. Njoo na sindano.

Mama yako