Nyimbo Upande wa Raia

Jumamosi

Na waongee. Nani kati yao amezaa kapteni wa jeshi?

Ni mimi niliyewatoa wanakwaya Kinoo na sare zao, tumwimbie Kamau wangu akirudi kutoka misheni. Tulijipanga pale abiria wa kawaida wanatokea, mimi mbele na shada la maua. Kiwanja cha ndege ni kidogo, lakini kumbe ndege za jeshi zinashushia watu upande wa pili wa ua.

Mlinzi akacheka. "Mathe, wanajeshi hawapitii huku. Familia zilipewa pasi."

Mama Ciku wa kwaya yetu akauliza kwa sauti, "Kwani wewe si familia?"

Nilimwona Kamau kupitia waya wa ua. Amenenepa, mzuri! Mkewe na wakwe zake matajiri wa Kitisuru walikuwa wamemzunguka. Nikaita. Akatuangalia, akageuka.

Tukiwa njiani kurudi akanipigia simu. "Mum, nani alikwambia uniletee watu wa kupiga kelele? Umeniaibisha."

Nikakata. Nikawaambia, "Kapteni anasema asanteni sana kwa nyimbo."

Walipiga makofi wote, isipokuwa Mama Ciku, aliyekuwa ameketi karibu na simu yangu.