Njahi Walizochukua Jikoni Mwako

Mama Nyambura,

Tangu tukuzike sijakuandikia, maana sikuwa na la kukueleza ila upweke. Leo nina hasira.

Mwezi uliopita, mvua ikikaribia, alikuja kijana mmoja mtaalamu wa mbegu. Nilikuwa kanisani. Alimkuta Wambui, mke wa mwanetu, akamwomba njahi, maharagwe yetu meusi, "kidogo tu za kuchunguza." Wambui aliona aibu kumpimia mgeni. Alimpa kibuyu kizima ulichotuachia. Hatukubaki hata na punje ya kupanda.

Nilimfuata kijana huyo hadi kituoni kwake. Alinieleza polepole, kana kwamba sijawahi kusimama mbele ya darasa: kuta za seli za njahi zimejengwa kwa minyororo ya sukari iliyoshikana mno, ndiyo maana hazilainiki upesi. Huko ng'ambo watabadili chembe za urithi ili minyororo hiyo ilegee.

"Mzee, akina mama watapumzika na mambo ya kuni."

Hilo sikulipinga. Nayakumbuka macho yako mekundu kwa moshi, binti yetu Nyambura alipojifungua nawe ukimpikia njahi za mzazi, ukiizomea sufuria: "Hizi zina kichwa kigumu kukushinda wewe!"

Nikamwuliza mbegu zetu ziko wapi.

"Zilishaenda, mzee. Lakini mbegu ni mbegu. Si mtapata zingine pale sokoni Karatina?"

Mbegu ni mbegu! Wewe uliyekaa kizingitini kila msimu ukichagua punje moja moja, ukizitenga zenye gamba jembamba kwa kuwa fukusi huzitoboa! Ugumu anaotaka kuulegeza ni kazi ya mikono yako. Alinionyesha nakala ya karatasi iliyosafiri nazo. Palipoandikwa "zilikotoka," alijaza: "Nyeri, sokoni."

Sokoni, mama.

Nilirudi nikamfokea Wambui hadi akalia. Nilikosea, nimemwomba radhi.

Jana Nyambura alileta habari kutoka Kagio alikoolewa. Zile njahi ulizomfungia kitambaani siku ya harusi yake, amekuwa akizipanda kila mwaka. Jumamosi nitakwenda kuzichukua. Nitazipanda mimi, niliyekuachia kazi hiyo maisha yetu yote, na Wambui atanifundisha kuchagua, kwani yeye alikuwa akikutazama. Na kila atakayeomba mbegu hizo ataandika jina lako kwanza, mbele yangu, kwa wino.

Pumzika, mama. Mvua imeanza kunyesha upande wa mlimani.

Mumeo.