Aproni Nyuma ya Mlango

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, na huyo mgeni mdogo ambaye bado sijamwona. Natumaini mshono unapona na maziwa yanatoka vizuri. Usinyanyue ndoo, hata kama shemeji amesahau kuzijaza. Mimi ni mzima, nakula, naenda kazini. Huo uzima nitaurudia huko chini, maana nimechoka kuandika kwamba sina neno.

Kazi ni ileile. Bado nipo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, meza ya kukunja mashuka, zamu ya mchana. Mashine kubwa imekufa tena, na msimamizi anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliiua. Bi Pasi anakusalimu. Ni yule mama wa zamu ya asubuhi niliyekusimulia, anayezungumza na pasi yake zaidi kuliko anavyozungumza na mumewe.

Sasa ngozi. Uliponitembelea ulinikuta najikuna mkono, nikakwambia ni mbu. Si mbu. Tangu mvua za mwaka jana mwili mzima unaniwasha, na hakuna kipele hata kimoja. Ukinitazama utaona mikwaruzo ya kucha zangu tu. Inaanza shingoni, inahamia kwenye nyayo, halafu inakaa katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Tulipotaka viatu vipya mama alikuwa akituambia mtu hujikuna ajipatapo. Siku hizi methali hiyo hainichekeshi.

Dawa kila mtu anayo. Nimebadilisha sabuni, nimeoga maji ya chumvi, nimeacha mayai. Jirani mmoja alisema ni damu chafu, mwingine akasema ni kijicho, nikajiuliza ni nani huyo wa kumwonea kijicho mkunja mashuka. Daktari wa ngozi alinitoa damu akapima ini, figo, kila kitu. Akasema vyote viko sawa, na kwamba muwasho wangu hauambukizi, ila sababu yake haijui. Alisema kwa upole, nami nilitamani angenikaripia, angalau nijue nimekosea wapi. Vidonge alivyonipa vinapunguza, haviondoi. Nimechoka, mdogo wangu. Kuna siku nakaa tu kitandani nimekalia mikono yangu, nalia.

Kazini kila mmoja ana aproni yake na msumari wake ukutani, zimepangana bega kwa bega. Hakuna aliyeninyanyapaa. Mimi mwenyewe niliiondoa yangu nikaitundika peke yake nyuma ya mlango, nikaacha na kunywea kikombe cha wote. Hakuna aliyeniuliza, nikadhani wameshukuru.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Uliponiomba nije kukusaidia kulea, nilikujibu kwamba msimamizi amenikatalia likizo. Si kweli. Alinipa siku ileile niliyoomba. Niliogopa kumgusa mwanao, na Bi Pasi peke yake ndiye niliyemwambia hivyo, pamoja na maneno ya daktari. Daktari nilimsikia vizuri, lakini mikono yangu haikumwamini. Kila nilipokunja taulo ndogo nilimwona mtoto, nikajiona nampa kitu ambacho hata jina lake silijui.

Juzi nilifika mapema, nikakuta msumari wangu wa nyuma ya mlango mtupu. Bi Pasi alikuwa amevaa aproni yangu, ananyoosha foronya bila wasiwasi. Nikamwambia amekosea. Akasema hajakosea, huivaa kila asubuhi na kuirudisha kabla sijafika. Akaweka pasi pembeni, akaniambia, "Naivaa tangu ulipoihamishia huko nyuma. Nilijua hutamwamini daktari. Mimi hapa sijajikuna hata sikio. Sasa nenda kambebe mtoto."

Nililia palepale, naye akaniambia nisimloweshee mashuka makavu.

Basi nitakuja mwisho wa mwezi, likizo ninayo. Nisamehe kwa uongo ule; najua umekuwa ukihangaika peke yako huku ukidhani dada yako amefungwa na kazi. Ukiona ni heri nisije, niandikie, sitanuna. Ila ukinikubali, usitarajie muujiza. Nitafika najikuna, na huenda nikaondoka najikuna. Kucha nimeshazikata zote.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu mpaka nitakapofika. Jambo moja tu nakuomba. Nikishamshika kwa mikono yote miwili, sitaweza kujikuna, wala sitataka kumweka chini. Hapo usiende mbali. Kaa nyuma yangu, unikune mgongo.

Ni mimi dada yako,
wa kucha fupi.