Saa Aliyovaa Baba

Nam Định, Jumanne

Mdogo wangu mpendwa Quyến,

Naamini barua hii inakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa na afya njema huko Cần Thơ. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na asubuhi anakwenda sokoni mwenyewe bila fimbo.

Uliniagiza niwaonyeshe wakusanyaji wa saa za kale ile saa ya Baba, wakiitaka tuwauzie, maana kwako ni kikuukuu tu. Ndugu yangu, nimechoka! Jumapili tatu nimekaa nao kwenye mkahawa wao wa kahawa, na hakuna aliyeinama kuitazama. Wanang'ang'ania saa za dhahabu zenye majina makubwa. Niliwaeleza kuwa hii ni nyembamba kama sarafu, uso wake umegeuka rangi ya chai wenyewe, na mishale ingali na buluu yake ya kiwandani. Bwana Toại, muuza vigae, akapaza sauti: “Mzee Thuần katuletea saa ya kupangia foleni ya mchele wa mgao wa zamani!” Mkahawa mzima ukacheka. Mimi, fundi saa wa miaka zaidi ya thelathini, nikaifunika saa kwa kiganja kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

Jumapili iliyopita akaja mwanamke mmoja kutoka Hanoi, mkusanyaji kama wao, anaitwa Diệp. Akatoa lenzi yake, akaitazama mpaka kahawa yake ikapoa. Akawaambia wenzake kwamba saa zao zote zimeshang'arishwa na kupakwa rangi upya, ila hii, kwa sababu hakuna aliyeijali, hakuna aliyeiharibu. Mikwaruzo yake yote ni ya aliyeivaa. Quyến, nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Kisha akaniomba nifungue kifuniko cha nyuma aone mashine.

Nikakataa.

Akaomba tena kwa adabu, nikakataa tena. Toại akadakia: “Fundi gani anaogopa kufungua saa yake? Humo kapachika mabati!” Wakaangua kicheko. Nikaitia saa mfukoni, nikaondoka.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Nilipokuwa ninajifunza kazi, Baba alinipa saa hiyo niisafishe. Ndani ya kifuniko nilikuta maneno yamechongwa: “Kwa mfumaji bora, Đinh Thị Mận, 1981.” Ndiyo, Mama yetu. Baba hakuwahi kupewa saa na kiwanda cha nguo. Nilipomuuliza, alisema mkono wa Mama ni mdogo mno kwa saa kama ile, akaniomba nisiseme kwa mtu. Sikusema. Hata siku ya mazishi, ulipowasimulia watu jinsi Baba alivyoshinda saa kwa ufundi wake, Mama alikuwa anawamiminia wageni chai pembeni yako, nami nikainamisha kichwa. Nimewakasirikia wakusanyaji wiki tatu nzima, kumbe wa kukasirikiwa ni mimi.

Nilipotoka mkahawani nilimkuta Mama anachambua mboga. Nikaifungua saa mbele yake. Akavaa miwani, akasoma polepole, akasema: “Kumbe lipo bado! Nilidhani baba yenu amelikwangua jina langu.” Akanieleza kuwa aliivaa mara moja tu, kutoka geti la kiwanda hadi nyumbani, na njiani aliwaambia ni saa ngapi hata watu wasiomuuliza. Akacheka. Mimi sikuweza.

Nilitoboa mkanda matundu matatu zaidi, sasa inamkaa. Jana Diệp alikuja dukani kwangu kuniomba tena. Mama akamnyooshea mkono juu ya meza, akamwambia, “Tazama utakavyo, mwanangu, ila usinivue.”

Basi hiyo habari ya kuiuza tuifunge. Siku ya kumkumbuka Baba, ukoo ukishakaa kula, sema ukweli wewe, maana ndiwe uliyewasimulia ile hadithi nyingine. Usipotaka nitasema mimi, hata kwa kigugumizi changu hiki.

Mpe shemeji salamu nyingi, uwabusu watoto kwa niaba yetu. Mama anasema uje na samaki wakavu wa huko.

Ni mimi kaka yako, mwenye aibu,
Thuần