Wino Ulioganda Edani

Jumamosi, 5 Septemba 1998

Nitaandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Asubuhi nimefagia, nimechemsha chai, nimeifuta vumbi printa ya Baba kama kila siku. Mama ametoka eda juzi. Tangu Baba azikwe hakuna aliyechapa kitu nyumbani. Leo nimejaribu. Karatasi imetoka nyeupe, ina mistari miwili ya kijivu. Wino umegandia kwenye matundu ya kopo lake.

Sikulia. Sijalia tangu mazishini.

Jumapili, 6 Septemba

Ami Khamis, mdogo wake Baba, amekuja kutoka Ngamiani. Kasema printa imekufa. Ijumaa ataipeleka Horohoro, mpakani, kwa mtu anayenunua vipuri. Bila printa hakuna kadi za harusi, na bila kadi Mama hana kazi. Kaka zake wameshamwita arudi kwao Pemba. Nitaacha shule, nimfuate. Nimo kidato cha tatu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimetoka shule, nimeanza. Baba alinionyesha mara nyingi. Kwanza chomoa umeme. Toa kopo la wino, usiguse vile vipande vya shaba. Si sindano, si spiriti, si mafuta ya taa, si kupuliza kwa mdomo. Ni maji yaliyotoneshwa tu, yale ya kuongezea betri. Dukani chupa yake na ya asidi zinafanana. Nimesoma maandishi mara mbili.

Kitambaa kiwe cha pamba, kisichoacha nyuzi. Kilichokuwepo ni bafta iliyobaki kwenye sanda ya Baba. Nimeikata.

Nimeilowesha maji hayo yakiwa vuguvugu, nikaliweka kopo juu yake, matundu chini, dakika chache. Kisha nikaligusisha kwenye kitambaa kikavu. Alama nyeusi, hafifu. Nikarudia. Hafifu.

Jumatano, 9 Septemba

Nimerudi shule nimekuta kopo limelowa juu hadi chini. Bibi, mama yake Baba, kalimwagia zamzam aliyokuja nayo kutoka Hijja.

"Mjukuu wangu, maji haya yameponya watu, sembuse kijidude hiki!"

Darasani tumefundishwa kuwa maji ya kisima yana chumvi ndani yake. Yakikauka, chumvi hubaki. Matundu haya ni madogo kuliko ncha ya unywele. Sikumwambia hayo. Nimesema, "Ahsante, Bibi." Nikaikausha shaba, nikaosha matundu upya kwa maji ya chupa.

Nilimkasirikia. Kisha hasira ikaisha, sikubakiwa na kitu. Kopo liko mezani, likauke kabisa kabla ya kurudi kwenye umeme.

Alhamisi, 10 Septemba

Imechapa. Mistari yote. Nyeusi kamili.

Mama kaichukua karatasi, kainusa. "Inanukia babako." Akarudi jikoni. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nilifurahi kidogo.

Ijumaa, 11 Septemba

Ami kaja baada ya swala. Nimemwamkia, nikamchapia ukurasa mzima. Akacheka, akanipiga bega.

"Mashaallah, Mwanaisha, fundi wewe! Basi si ya vipuri tena hii. Sasa itapata bei ya printa nzima. Jumapili naja na mnunuzi."

Mama katoka jikoni. "Shemeji, hata chai hujanywa, ushauza?"

"Chai haikimbii, shemeji. Mnunuzi hukimbia."

Akaenda zake.

Kumbe nimeitengeneza ili iuzwe vizuri zaidi. Nilikaa kwenye kiti cha Baba, mikono mapajani. Sikuhisi hata kiti.

Jumamosi, 12 Septemba

Mama anafua uani.

Nimemchapia Ami barua. Shikamoo kwanza, na salamu za kila mmoja wetu, kama nilivyofunzwa. Halafu mistari michache. Nimemsomea Bibi. Kaniambia nisome tena. Kisha kaichukua, kaifunga kwenye pindo la kanga, kavaa viatu. Kasema yeye ndiye aliyemzaa Khamis, kwa hiyo ataipeleka mwenyewe, na hatoki mlangoni pake bila jibu.

Sasa hivi atakuwa amepita soko. Naandika hapa nilichomuuliza, nisije nikasema baadaye kuwa sikuthubutu:

Ami, mirathi ya Baba bado haijagawanywa, na katika printa hii Bibi, Mama nami tuna mafungu yetu. Naomba jibu umpe huyuhuyo aliyekuletea barua. Unauza fungu la nani?