Mlinzi wa Miguu Mitano

Makomredi wa Newala, nawe Mjomba uliyechonga shetani wa mpingo alindaye mlango wa klabu yetu, shikamoo.

Hapa makumbusho ya London yupo fahali wa jiwe mwenye mabawa na uso wa mtu, aliyelinda ikulu ya Waashuru dhidi ya pepo wabaya. Ana miguu mitano: ukimtazama mbele amesimama, ubavuni anatembea. Nikamwamkia.

"Unaamkia jiwe?" akauliza askari wa zamu.

"Kwetu tunaanza na mkubwa. Wewe utafuata."

Asante, Mjomba, kwa kunifundisha kuona uhai ndani ya kilichochongwa. Wanaodai shetani wako ni uchawi, ang'olewe, nitawajibu ana kwa ana nikirudi. Asiguswe kabla ya kikao: Jumamosi, saa kumi alasiri, mbele yake.