Yahaya Lugembe, Seremala Tuliyeambiwa Ametoroka

Baba, mwaka umetimia tangu tukuzike Isevya, ubavuni mwa mama yako, kwa jina lako mwenyewe.

Ulinukia mninga hata siku ya Idi. Kila mtoto aliyezaliwa mtaani ulimtengenezea kitanda. Ulisema mgeni halazwi chini. Ukipiga randa uliimba, na ukikosea wimbo ulirudi mwanzo, hata kama sisi tumeshachoka.

Mwaka 1974 uliitwa ukatengeneze milango na madawati ya kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Usinge. Ulimwambia mama, "Madawati yakiisha tu, narudi." Hukurudi. Zikaja habari kwamba umeuza mbao za kijiji na kutorokea Burundi. Tulikua tukiitwa watoto wa mwizi. Mama hakuolewa tena. Kila aliyekuja kumposa alimjibu, "Nina mume."

Kisha watu waliokuwa wakichimba kisima kule kijijini wakakuta mifupa, na fuvu lenye ufa kisogoni. Polisi walipouliza ni familia gani ilipotelewa na mtu enzi zile, tukaenda. Binti yako Tatu alichukuliwa mate kwa kijiti cha pamba, yakapelekwa maabara kulinganishwa na mfupa wa paja. Majibu ya vinasaba yalipotoka, yule askari aliyatazama kwanza, ndipo akasema, "Dada, huyu ni baba yako."

Hukufika Burundi. Hukutuacha.

Mama alimwuliza sheikh kama sasa akae eda.

"Eda yako ilikwisha zamani, bibi," sheikh alimjibu. "Huhesabiwa tangu siku aliyofariki mumeo."

"Basi wakati huo mimi nilikuwa nikimwekea chakula," mama akasema.

Kaburi tumelipata, baba, lakini utulivu bado. Baadhi ya waliokuwa kijijini siku zile wangali hai. Tukikutana nao tunawaamkia shikamoo, wanaitikia marahaba, na macho yetu yanashuka yenyewe kwenye mikono yao.

Unakumbukwa na mkeo Bi Mwanamkuu, binti zako Tatu na Mwamvita, mdogo wako Shomari, na wajukuu ambao hukujaliwa kuwaona.

Aliyekupiga hatujamjua. Kama yu hai, naye alisome jina lako hapa. Sisi tutalitaja maisha yetu yote.